Dawa ya Baada ya Chakula

Daktari Namgung alikigeuza kioo cha kompyuta yake ili sote watatu tuone: wifi yangu Pil-lye, mwanawe Hyeon-cheol, na mimi. Ilikuwa picha ya mishipa ya damu ndani ya kichwa cha Pil-lye. Ilifanana na matawi ya mipeasi ya kwetu Naju wakati wa baridi, yakiwa hayana hata jani. Kwenye tawi moja palikuwa na kifundo cheupe.

Mwaka uliotangulia, kifundo kile kilikuwa kifuko kitupu kilichotuna ubavuni mwa mshipa, ukuta wake mwembamba kama ngozi ya puto. Kiligunduliwa kwa bahati. Hyeon-cheol alimlipia mama yake kipimo cha mwili mzima alipotimiza miaka sabini, kama watoto wengi wafanyavyo siku hizi badala ya kuwanunulia wazazi pete. Daktari Namgung hakupasua kichwa. Aliingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani, akaupandisha taratibu hadi kichwani, akakijaza kile kifuko nyaya laini za platinamu zinazojikunja zenyewe, ili damu isiingie tena na isije siku moja ikakipasua. Tulirudi nyumbani tukimshukuru Mungu, tukadhani tumemaliza.

"Hapa," daktari alisema, akigusa kioo kwa ncha ya kalamu. "Damu imeanza kuingia tena."

Hyeon-cheol alimgeukia mama yake papo hapo. "Si nilikwambia, mama? Nilikwambia usibebe kabichi."

Ni kweli kwamba alibeba. Alitoka hospitalini katikati ya Novemba, na mwisho wa Novemba ndipo kila nyumba inatengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa chumvi na pilipili, ya kula msimu wote wa baridi. Uani kwake palikuwa na rundo la kabichi lililofika kiunoni. Nilimwambia akae juu ya kigoda achanganye pilipili tu. Nilipokwenda kuchukua chumvi, nilimkuta ameinama, amekumbatia beseni.

Pil-lye alishika mkoba wake magotini kwa mikono miwili, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Kabichi haihusiki," alisema Daktari Namgung. "Mama, unapojaza kimchi kwenye mtungi, unajaza mpaka wapi?"

"Mpaka shingoni."

"Baada ya mwezi inakuwa wapi?"

"Imeshuka. Lazima ishuke. Inalainika, inajibana."

"Basi ndicho kilichotokea. Nyaya nilizojaza zimejibana. Kila moyo wako unapodunda, damu inazipiga, mchana na usiku, bila kupumzika. Zimeshuka, mdomoni pakabaki nafasi, damu ikapata pa kuingilia. Kifuko chako kina mdomo mpana. Kingekuwa na mdomo mwembamba, nyaya zingetulia. Kwa wenye mdomo mpana, jambo hili hutokea mara nyingi kuliko sisi madaktari tunavyopenda. Si kosa lako."

Pil-lye alifikiri kidogo. "Kwa hiyo hukuweka jiwe juu."

"Jiwe?"

"Kimchi inawekewa jiwe juu, daktari. Hata mama yako anajua."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Sasa ndiyo nataka kuliweka. Ila si jiwe. Ni kimrija cha wavu mwembamba sana. Kitalala ndani ya mshipa wenyewe, kikipita mbele ya mdomo wa kifuko. Damu itaendelea na safari yake moja kwa moja, ile ya ndani ya kifuko itasimama, itaganda, na ukuta mpya utaota juu ya wavu. Inachukua miezi."

"Na hiyo nayo ikishindwa?"

Nilipenda kwamba hakuharakisha kujibu. "Huwa inashindwa kwa baadhi ya watu. Wakati mwingine kuna mshipa mdogo unaotokea kwenye kifuko chenyewe, unakivutia damu, kinakataa kufunga. Wewe huna. Wakati mwingine wavu haukulala vizuri ukutani. Hiyo ni kazi yangu. Na wakati mwingine damu inagandia ndani ya wavu na kuziba njia, kwa sababu wavu ni chuma kigeni. Ikiziba, mtu anapooza, au anakufa. Ndiyo maana utaanza dawa za kuzuia damu kuganda wiki moja kabla, kila siku bila kuruka. Hiyo ni kazi yako."

"Nitaifanya," alisema Pil-lye.

Kwenye lifti aliegemea ukuta, akanitazama. "Umesikia? Nina mdomo mpana. Ndugu yako marehemu aliniambia hivyo miaka arobaini, bila kunipiga picha."

Marehemu mumewe hakuwa ndugu yangu, lakini yeye huwagawia watu undugu anavyotaka. Nilicheka. Hyeon-cheol hakucheka.

*

Lazima niseme kitu kimoja kuhusu wifi yangu. Hakuwahi kwenda shule. Alizaliwa wa kwanza, akabeba mgongoni wadogo zake watano, mmoja wao ndiye mume wangu. Mimi nilifika darasa la tatu. Miaka minne iliyopita tulianza pamoja masomo ya jioni ya wazee kwenye ukumbi wa mtaa, na tangu siku alipoweza kusoma, Pil-lye anasoma kila kilichoandikwa: chupa za mchuzi wa soya, matangazo ya lifti, nyuma ya tiketi ya basi. Na anachosoma anakitii. Kwenye bafu la umma alimrudisha mke wa mwenyekiti wa mtaa kutoka kwenye beseni la maji moto kwa sababu ukutani paliandikwa watu waoge kwanza. "Mimi sina ugomvi na wewe, dada," alimwambia. "Ni ukuta unaosema."

Kwa hiyo alipopewa dawa, sikuwa na wasiwasi hata chembe. Duka la dawa lilimpa mkanda mrefu wa vipakiti vya karatasi, dozi moja moja, kila kipakiti kimechapwa jina lake, na chini yake: Asubuhi, dakika thelathini baada ya chakula. Nilikuwepo siku ya kwanza. Alimaliza wali wake, akafuta mdomo, akaketi kutazama saa ya ukutani.

"Sasa utakaa hivyo hivyo?" nilimuuliza.

"Nimeandikiwa."

"Angalau tuoshe vyombo."

"Osha wewe. Mimi nahesabu."

Jioni hiyo, tukitoka darasani, alinishika mkono kwa sababu barabara ilikuwa na barafu. Aliniambia, "Yule daktari ni mpole. Anasema si kosa langu ili nisiumie."

"Amesema kwa sababu ndivyo ilivyo. Mdomo ni mpana."

"Mara ya kwanza sikuomba, wifi. Wewe uliomba, kanisa liliomba. Mimi nilikuwa nafikiri, hospitali kubwa, mashine kubwa, daktari amesoma Marekani, nimuudhi Mungu kwa nini. Nililala nikakoroma. Ndiyo maana haikushika."

Nilimwambia Mungu hapimi watu kwa mikoromo yao. Alikuwa na tabia ya kunyamaza anapokuwa ameshaamua.

Siku chache baadaye alisema anakwenda Hwasun kumwona rafiki yake wa zamani kabla ya kulazwa. Nilimfungia keki za mchele, nikampeleka kituo cha basi. Alikuwa na mkoba mdogo na shali nene. Nilimkumbusha dawa. Alipigapiga mfuko wa koti, vipakiti vikachakacha.

*

Hospitali ya Gwangju ilimpa kitanda cha katikati katika chumba cha vitanda vitatu. Mimi nilikuwa mwuguzaji wake wa familia, kwa hiyo nilikuwa na kile kitanda kifupi kinachovutwa kutoka chini ya kitanda cha mgonjwa, ambacho ukikilalia miguu inaning'inia. Muuguzi Seol, msichana mwenye sauti ya juu, alikuja kuchukua damu. Akauliza maswali yake.

"Mama, dawa umekunywa kila siku?"

"Nimekunywa kama ilivyoandikwa," alisema Pil-lye.

Saa kumi jioni Daktari Namgung alikuja mwenyewe, na uso wake haukuwa ule aliokuwa nao akituonyesha picha za mishipa. Alisimama kwenye ncha ya kitanda.

"Mama, damu yako tumeipima. Ile dawa haifanyi kazi mwilini mwako kama tulivyotarajia. Isikutie hofu sana, katika watu wetu hili ni jambo la kawaida. Miili mingi ya huku haiwezi kuigeuza ile dawa kuwa na nguvu. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kuingia, tutakupa nyingine kali zaidi."

"Ina shida gani hiyo kali?" niliuliza.

"Inaweza kutoa damu kwa urahisi. Tumboni, puani, hata kichwani. Lakini kuweka wavu bila kinga kabisa ni hatari zaidi. Lazima nichague."

Pil-lye aliitikia kwa kichwa kwa heshima, kama anayekubali bei. Daktari aliondoka. Nilimwambia Bwana, polepole, bila kusogeza midomo: Tuonyeshe njia, maana mimi siioni.

Chakula cha jioni kilikuja mapema kama kawaida ya hospitali. Wali, supu ya mwani, samaki wa kukaanga, mboga. Pil-lye alisukuma sahani pembeni.

"Wifi, nenda jikoni kule kwenye korido. Kama kuna uji mwembamba wa mchele, ule wa maji matupu, uniletee. Na ile kimchi ya maji ya figili, supu yake tu."

"Huumwi tumbo?"

"Siumwi. Nataka vitu laini."

Nilimletea. Alikunywa ule uji kwa kijiko, kidogo kidogo, akikaa na kila funda mdomoni kabla ya kumeza. Kisha akanywa maji ya figili, akafumba macho.

Mimi nimekunywa hivyo. Wanawake wote wa kanisa letu wamekunywa hivyo. Hakuna mtu mwenye afya anayekula namna ile isipokuwa anayefungua kinywa baada ya kufunga siku nyingi kwa maji tu. Siku ya kwanza ni uji wa maji na supu ya figili. Ukila samaki, tumbo linakukunja.

Nilivuta pazia kuzunguka kitanda. "Wifi. Hukwenda Hwasun."

Aliweka kijiko chini. "Nilipita Hwasun. Basi linapita."

"Ulikwenda mlimani. Kwenye nyumba ya maombi, wanakofungia watu."

Alilinyoosha blanketi magotini.

"Siku ngapi?"

"Hilo haliulizwi," alisema kwa sauti ya chini. "Kufunga ni siri. Unajua vizuri. Ukiwatangazia watu, umeshalipwa, huna cha kungoja tena."

"Siwaulizii watu. Nauliza dawa. Ulipokuwa huko, ulikunywa dawa?"

Alinitazama kama nimemuuliza swali la kitoto. "Ningekunywaje? Imeandikwa baada ya chakula. Sikula chakula."

Yeye hakuwa na habari kwamba kuna tatizo. Alifungua droo akanionyesha vipakiti vitatu, vimekunjwa vizuri pamoja na sabuni yake. "Sikuvitupa. Nilisema nitamrudishia daktari. Yule binti aliniuliza kama nimekunywa, nikasema kama ilivyoandikwa. Sikusema uongo."

"Wifi, mwili wako hauna shida na dawa. Hujainywa."

"Siku tatu tu."

"Siku tatu za mwisho. Na kesho watakupa ile kali kwa kudhani hii haikufai. Umemsikia daktari, inaweza kukutoa damu kichwani. Na kichwani ndiko kiliko kifuko."

Niliona anaanza kuelewa, na niliona pia kwamba kuelewa hakumsaidii. Mikono yake ilishika ukingo wa blanketi. "Nikisema, mfungo umeharibika. Mara ya kwanza sikuomba, ikashindwa. Mara hii nimeomba, halafu niende niutangaze kwa muuguzi? Itashindwa tena. Wewe huogopi?"

"Naogopa."

"Basi niache. Ile kali watanipa, Mungu atanilinda."

Kutoka nyuma ya pazia, upande wa dirisha, bibi aliyekuwa amevunjika nyonga alikohoa. "Samahani kwa kuingilia. Haya mapazia ni kitambaa tu. Mimi ni Mbudha, mambo yenu siyajui. Lakini kama siri ni ya kumficha mtu, mimi tayari nimeshasikia, kwa hiyo imeshaharibika kidogo."

"Lala, mama," Pil-lye alimjibu. "Hukuitwa."

"Ningelala, ila mnanong'ona kwa sauti."

Niliinamisha kichwa. Sikuwa na maneno makubwa. Shule yangu ni ile ya jioni. Niliomba tena, kwa ufupi, kwa sababu uji ulikuwa unapoa na wauguzi walikuwa karibu kubadilishana zamu. Ningeweza kwenda mwenyewe kwenye meza yao. Ni hatua chache. Lakini nilijua kwamba nikimsemea, ataingia kesho kwenye chumba kile akiamini kwamba mimi nimemnyang'anya ulinzi wake, na sikutaka aingie hivyo.

"Wifi," nilisema, "ulipokuwa mlimani, ulimwomba Mungu nini?"

"Nilimwomba isishindwe."

"Ulimwomba mtu asijue?"

"Hapana."

"Basi ulichokiomba ndicho hiki. Isishindwe. Mungu ameshajua kwamba ulifunga, hahitaji kufichwa wala kuambiwa. Asiyejua ni daktari. Na kazi yake ya kesho anaifanya kwa kile anachokijua."

Bibi wa dirishani kwa mara ya kwanza alikuwa kimya kabisa. Nadhani alikuwa amezuia pumzi. Pil-lye alichukua vile vipakiti vitatu, akavipanga juu ya meza ya chakula, kimoja, kingine, kingine. Akasoma kile cha juu kwa sauti, silabi kwa silabi, kama tulivyofundishwa. Kisha akasema, si kwangu, "Bwana, umeona mwenyewe. Sijaja kujisifu." Akanyoosha mkono, akabonyeza kengele.

Muuguzi Seol alikuja. "Mama, unataka nini?"

"Namtaka daktari," alisema Pil-lye. "Dawa yake ni nzuri. Mimi ndiye niliyefunga."

*

Daktari Namgung alikuja akiwa tayari amevaa koti la kwenda nyumbani. Alisikiliza yote akiwa amesimama, kisha akavuta kile kitanda changu kifupi akakikalia, magoti yakamfika kidevuni. Nilitegemea akasirike. Badala yake alijifuta uso kwa kiganja, taratibu, kama mtu aliyevuka barabara bila kuangalia akafika salama.

"Kesho hatufanyi," alisema.

"Nimekuharibia tena," alisema Pil-lye.

"Hujaniharibia. Usingesema, ningekupa dawa kali kwa sababu isiyokuwepo. Na tungeandika kwenye faili lako maisha yako yote kwamba ile ya kwanza haikufai." Akamgeukia vizuri. "Na unaposema tena, mama, tena ya nini? Mara ya kwanza uliharibu nini?"

Hapo ndipo alipomwambia kuhusu kukoroma. Daktari hakutabasamu. Nilimheshimu sana kwa hilo.

"Mimi sina dini," alisema. "Sijui Mungu anahesabu vipi. Lakini zile picha za kwanza nimezitazama mara nyingi kuliko wewe ulivyokoroma. Nilijaza nyaya nilivyoweza. Ningeongeza moja zaidi, ingechomoza nje kwenye mshipa, na ningekupoozesha. Niliacha pale kwa makusudi, nikijua kwamba pengine zitashuka. Nilikuambia siku ile, ila nadhani nilikuambia kwa maneno ya kidaktari. Zimeshuka. Huo ulikuwa uamuzi wangu, na ningeufanya tena. Usinipokonye."

Pil-lye alimtazama. "Kumbe na wewe ulikuwa unaogopa."

"Kila mara."

"Basi ungeomba," alisema Pil-lye.

"Ningejua namna, ningeomba," alisema daktari, akasimama, akagonga kichwa kwenye chuma cha pazia. Bibi wa dirishani akacheka kwa sauti. Kabla hajatoka aliagiza kwamba dawa zote za Pil-lye zipewe kwa mkono wa muuguzi, asubuhi, awe amekula au hajala. "Dawa hii haijali chakula," alimwambia. "Watu wa duka la dawa wanaandika hivyo karibu kwenye kila dawa, ili watu wakumbuke na tumbo lisiumie. Ukikosa chakula, kunywa na maji."

"Basi waandike hivyo," alisema Pil-lye. "Sisi wengine tunasoma."

*

Walimpa dawa upya, wakangoja, wakapima damu tena. Muuguzi Seol alikuja na majibu akitembea haraka, na kabla hajafika kitandani alikuwa anatikisa kichwa kwamba ndiyo. Ile dawa ya kwanza ilikuwa inafanya kazi vizuri mwilini mwa wifi yangu.

Siku ya operesheni nilikaa na Hyeon-cheol mbele ya kioo cha ukutani kinachoonyesha majina ya wagonjwa na mahali walipofika. Jina la mama yake lilikaa muda mrefu kwenye mstari wa "inaendelea". Hyeon-cheol alikuwa na kahawa mkononi ambayo hakuinywa.

"Shangazi," alisema. Ananiita hivyo tangu mtoto. "Nilikuwa na hakika ni kabichi. Nilitaka iwe kabichi."

"Kwa nini?"

"Kabichi ningeweza kuikataza."

Nilimshika mgongo. Ni mtu mzima, ana nywele nyeupe masikioni, lakini mgongo ule nimeubeba. Niliomba nikiwa nimefumbua macho, nikitazama mstari ule.

Daktari alitoka akiwa na alama za barakoa usoni. "Wavu umefunguka wote. Umelala ukutani bila pengo. Damu inapita." Hyeon-cheol alimwinamia mara nyingi sana, mpaka daktari akamshika bega kumsimamisha.

Tulipoingia kumwona, Pil-lye alikuwa amelala chali, mguu mmoja umenyooka, macho darini. Hakutugeukia.

"Mama, ni mimi," alisema Hyeon-cheol.

"Nimekusikia. Sigeuki. Pale miguuni pameandikwa nisisogee."

"Ni mguu tu usiosogezwa, mama. Kichwa unaweza."

"Panasema nisisogee."

Hyeon-cheol alizunguka kitanda, akainama juu yake mpaka uso wake ukawa mahali mama yake anapotazama. Hapo wakatazamana, na mimi nikatoka kidogo nje.

*

Tulirudi kwa picha mwanzo wa msimu wa joto, Pil-lye na mimi, Hyeon-cheol akituendesha. Daktari Namgung aligeuza kioo. Matawi yalikuwa yale yale. Kifundo kilikuwepo, kimetulia, hakina mwanga ndani.

"Kimefunga," alisema. Kisha, kwa sababu si mtu wa kudanganya, alisogeza kalamu. "Karibu chote. Hapa shingoni kuna ukingo mwembamba ambao bado unapata damu kidogo. Mara nyingi unaendelea kujifunga wenyewe. Wakati mwingine unabaki hivyo miaka yote bila madhara. Mara chache unafunguka. Tutautazama tena mwakani."

"Kwa hiyo haijaisha," alisema Hyeon-cheol.

"Hatari kubwa imeisha. Kutazama hakujaisha."

Nilimwangalia wifi yangu, nikiogopa kwamba atauchukua ule ukingo mwembamba na kuufanya kosa lake, kama alivyofanya mara ya kwanza. Aliusogeza uso wake karibu na kioo, akautazama ukingo vizuri.

"Huo ni wako au wangu?" alimuuliza daktari.

"Si wa mtu. Ni wa mshipa."

"Haya," alisema Pil-lye, akasimama, akachukua mkoba wake. "Mshipa nao una mambo yake."

Kwenye gari aliketi nyuma pamoja nami. Alizungumza mpaka tukatoka mjini: kwamba daktari amekonda, kwamba anahitaji mke anayepika, kwamba mchungaji amwombee hata kama mwenyewe hana dini, maana hakuna kifungu kinachokataza. Kisha akanyamaza. Nilipogeuka, alikuwa amelala, kichwa kimeangukia dirishani, mdomo wazi.

Tangu siku ile tuliyoambiwa kuhusu kifuko, kila alipolala mbele yangu nilikuwa nautazama mdomo wake na kifua chake. Kwenye ibada ya alfajiri, kwenye basi, darasani anaposinzia. Nilingoja pumzi iingie, itoke, iingie. Sikuwahi kumwambia mtu. Sasa nilitazama kwa mazoea, pumzi ikaingia, ikatoka, na akaanza kukoroma, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, hata Hyeon-cheol akatutazama kwenye kioo cha dereva akacheka.

"Nimwamshe, shangazi?"

"Mwache."

Nje mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji, miche ndiyo kwanza imepandwa, anga lote limo ndani yake. Nilisema asante, kwa maneno hayo hayo, mara moja tu. Kisha nikaegemeza kichwa changu upande wa pili, na kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kulinda, nami nikalala.